"Presently" na "Currently" katika Barua za Serikali

Wafasiri wetu wengi huvichukua vielezi hivi viwili vya Kiingereza kuwa ni pacha. Wengine, hasa waliosomeshwa Kiingereza cha Uingereza, hushikilia kwamba "presently" maana yake ni "punde" na si vinginevyo. Kila upande umeshika nusu ya ukweli.

"Currently" haina matata: ni wakati tulio nao. "Presently" nayo ilianza kwa maana hiyo hiyo, pamoja na ile ya "papo hapo". Lakini kufikia karne ya 17 Waingereza walikuwa wamekwisha kuisogeza mbele, ikawa "baada ya kitambo kidogo". Maana ya kale haikufa. Ilibaki Uskoti na Marekani, na kutoka huko imerudi maofisini mwetu kwa barua za wataalamu na wafadhili.

Nakumbuka barua moja iliyoarifu kwamba dawa "are presently in store". Mfasiri, kijana hodari, aliandika: "Dawa zitafika ghalani punde." Zahanati ikangoja, wala gari halikupelekwa, na dawa ziko ghalani siku zote hizo! Kamusi aliyoitegemea haikumdanganya. Yeye ndiye aliyekiruka kitenzi. Panapo "is" au "are", kwa kawaida jambo liko tayari. Panapo "will", linakuja. Katika hadithi ya mambo yaliyopita, "punde" au "baada ya kitambo" hufaa.

La kusikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili kina tofauti hii, nasi twaichezea. "Mganga yuko wilayani hivi sasa" si sawa na "Mganga anakuja sasa hivi." La kwanza laeleza hali iliyopo, la pili lahimiza, na mara nyingi mganga mwenyewe bado yuko njiani. Hata hivyo matangazo mengi huyabadilisha maneno haya kana kwamba mpangilio wake hauna kazi.

Tena kuna "hivi karibuni", ambayo hutazama nyuma na mbele kwa pamoja. Kitenzi kikiwapo, "ilifunguliwa" au "itafunguliwa", msomaji huokoka. Lakini kichwa cha tangazo kisemacho "Mkutano wa Walimu Hivi Karibuni" kinamwambia mwalimu afunge safari, au kwamba amekwisha kuchelewa? Mwandishi wa tangazo aliijua tarehe, angeiandika.