Mtafiti Aliyejiacha Nje ya Hesabu: Kuhusu The Philadelphia Negro ya Du Bois

Kitabu cha W.E.B. Du Bois, The Philadelphia Negro, kilichotolewa mwaka 1899, husifiwa zaidi kwa maudhui yake. Fani yake huzungumzwa kwa nadra, ingawa ndimo limo swali zito: mtunzi aliyewauliza maelfu ya watu habari za kazi zao alinyamaza kuhusu kazi yake mwenyewe.

Du Bois alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata udaktari Harvard, mwaka 1895. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri achunguze maisha ya Weusi wa Philadelphia. Alipewa cheo cha mkufunzi msaidizi na malipo ya dola 900, pasipo darasa la kufundisha. Kazi ilipokwisha hakupata nafasi ya kudumu. Akaenda Chuo Kikuu cha Atlanta, kilichokuwa cha Weusi.

Katika sura ihusuyo mahusiano ya Weupe na Weusi, mtunzi aorodhesha visa vya vijana walionyimwa kazi zilizolingana na elimu yao. Mmoja ni mhitimu wa uhandisi wa Chuo hichohicho: aliajiriwa kwa sifa zake, akafukuzwa baada ya saa chache ilipogunduliwa kuwa ni Mweusi, akaishia kuwa mhudumu katika klabu walimokula wahitimu wenzake Weupe. Kisa kimesimuliwa kwa sentensi chache, bila kilio, na ukavu huo ndio unaomchoma msomaji.

Hata hivyo, mtunzi mwenyewe alistahili kuwemo katika orodha hiyo. Yaweza kutetewa kwamba mtafiti Mweusi aliyejitaja angeambiwa analalamika, na sayansi yake ingedharauliwa. Utetezi huo una uzito, lakini gharama yake ni kubwa: Chuo kilichosimamia utafiti kinabaki nje ya uchunguzi, kana kwamba ubaguzi ulikuwa wa waajiri wa mjini peke yao.

Pengo hilo lilizibwa katika Dusk of Dawn, kitabu cha mwaka 1940, ambamo Du Bois aeleza kwamba hata jina lake halikuingizwa katika orodha ya Chuo. Vitabu hivyo viwili havina budi kusomwa pamoja.

Mwaka 2012, miaka 49 baada ya kifo chake huko Accra, Chuo cha Pennsylvania kilimtunuku uprofesa wa heshima. Tunuku hiyo ni ushahidi wa jambo ambalo majedwali ya mwaka 1899 hayakulionyesha.