Fundi Asiyekimbilia Grainda

Hedi ya injini imelazwa chali juu ya benchi, vyumba vyake vinne vya mchomo vikitazama dari. Fundi anapaka grisi ukingoni mwa chumba kimoja, anakifunika kwa kibao cha plastiki angavu chenye tundu dogo, kisha anafungulia mrija wa kioo wenye alama za vipimo. Maji yaliyotiwa rangi yanashuka polepole. Kapovu kakinasa chini ya plastiki, anainamisha hedi mpaka katoke, maana kapovu hako kataharibu hesabu. Maji yakigusa tundu anasoma mrija: cc 72. Anaandika kwa chaki, anahamia chumba cha pili.

Hedi hiyo ni ya Pontiac GTO ya 1968, mojawapo ya magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Mwaka 1964 Pontiac ilichukua injini ya inchi za ujazo 389, iliyozoea kuvuta magari makubwa, ikaipachika kwenye gari la ukubwa wa kati. Kufikia 1968 injini hiyo ilikuwa imefika inchi 400, yaani lita 6.6, silinda nane, nguvu za farasi 350 kwa hesabu ya kiwanda. Juu ya milango ya katikati ya kutolea moshi imesubiwa namba 16, ndiyo aina ya hedi. Alama nyingine ndogo ni tarehe: C118 maana yake ni Machi 11, 1968. Chuma hicho kina cheti cha kuzaliwa.

Mwenye gari huja na swali moja: tuzichonge hedi hizi, au tuziache?

Swali lina sababu. Kiwanda kilitangaza kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni hubana hewa na petroli chumbani, ya 10.75 kwa 1, nayo ilitegemea petroli kali yenye risasi. Siku zile watu walitaka hata zaidi. Muuzaji wa Royal Pontiac, mjini Royal Oak, Michigan, aliuza marekebisho yaliyoitwa Bobcat, na miongoni mwake zilikuwamo gasketi nyembamba za hedi ili kompresheni ipande. Leo mambo yamegeuka. Marekani ilipiga marufuku petroli ya risasi kwa magari ya barabarani mwaka 1996, na petroli ya kawaida ya pampu huifanya injini kama hiyo igonge inapopandishwa mlima ikiwa na moto. Wakubwa wa zamani walihangaika kupandisha, wajukuu wao wanahangaika kushusha.

Fundi mwenye pupa ana jibu tayari: panua chumba. Kila pistoni ya injini hii husukuma takribani cc 819. Ukikwangua chumba kutoka cc 72 hadi 87, kompresheni inashuka kwa zaidi ya pointi moja, na kugonga kunakwisha. Lakini umegusa chuma chenye cheti. Fundi wa mrija wa kioo hufika kulekule kwa njia nyingine: anaagiza pistoni zilizobonyea kichwani. Nafasi ileile inapatikana, ila imechongwa kwenye pistoni, kitu ambacho kinanunulika tena. Hedi inabaki kama ilivyotoka kwenye tanuri. Tena mara nyingi kipimo chake hugundua kwamba kompresheni halisi iko chini ya ile ya kwenye karatasi, na tatizo ni dogo kuliko lilivyohofiwa. Ndiyo maana alianza kwa kupima.

Zinafuata siti za valvu, yaani kingo ambazo valvu hukalia zikijifunga. Risasi ya petroli ya zamani ilizikinga; bila risasi, gari linalokimbizwa sana huzila siti zake, valvu zikazidi kuzama. Dawa ni kuchimba na kupachika pete za chuma kigumu. Hapa fundi husita. Nyuma ya siti kuna njia za maji, na kisu kikizama kupita kiasi hutoboa. Chuma cha kusubu hakikubali kuchomelewa kirahisi. Kwa gari linalotembezwa Jumapili mbili kwa mwezi, atapima siti, akizikuta nzima hatapachika pete.

Mwisho ni njia za hewa, ambako grainda hutamanisha kuliko kote. Njia ya kuingizia hewa hubanwa pale inapopita kando ya fito za kusukuma valvu, na jicho linakuambia panua hapo. Mashine ya kupima mtiririko wa hewa husema vingine. Faida kubwa iko kwenye bakuli, ile sehemu fupi iliyo chini ya siti, ambako hewa hukunja kona kabla ya kuizunguka valvu. Fundi hulainisha kona hiyo kidogo, hukata siti kwa pembe tatu zinazofuatana ili hewa isikutane na ukingo mkali, anarudisha hedi kwenye mashine, anasoma tena. Namba zikiacha kupanda, anazima grainda. Wengi wetu tungeendelea, kwa kuwa mkono umeshapata moto.

Ukimtazama kwa siku mbili tatu unaona kwamba muda mwingi hakati chochote. Anapima, anafuta chaki, anapima tena. Ukataji wenyewe ni wa dakika chache, na dakika hizo ni chache kwa sababu ya saa zile nyingi.

Basi kwa mwenye hedi namba 16 za gari lake mwenyewe, uamuzi wangu ni huu: badili pistoni, tengeneza siti, gusa bakuli, acha mengine. Ukitaka nguvu zaidi ya hapo, hedi mpya za alumini zinauzwa. Zifunge hizo, na zile za kiwanda zipake oili, uzifunge kwa kitambaa, uziweke juu ya rafu. Pontiac ilifunga milango mwaka 2010. Hakuna atakayesubu nyingine zenye tarehe ya Machi 11, 1968.