Valvu Inayodondosha Maji Haina Kosa

Kwenye boti nyembamba za mifereji ya Uingereza, injini ya dizeli ndiyo inayopasha maji ya kuogea: maji ya kupozea injini hupita kwenye koili ndani ya tangi. Baada ya safari ndefu, maji ya tangini yanaweza kukaribia nyuzi 80.

Kinachonikera ni ule ushauri wa mkato: valvu ya usalama ikidondosha maji, badilisha. Unabadilisha, kesho inadondosha tena. Ni kweli, uchafu huweza kuiharibu, lakini mara nyingi mgonjwa ni mwingine.

Tupige hesabu. Maji yakipanda kutoka nyuzi 10 hadi 80 hutanuka kwa karibu asilimia 3. Tangi la lita 55 linapata lita moja na nusu za ziada. Valvu ya njia moja huyazuia yasirudi kwenye bomba la maji baridi, na maji hayashindiliki kama hewa. Sasa yaende wapi?

Kuyapokea ni kazi ya kitangi kidogo chenye mpira katikati na upepo upande mmoja. Kikikosekana, au upepo ukiisha, valvu ndiyo inabeba mzigo. Basi injini ikiwa imepoa, zima pampu, fungua bomba presha iishe, kisha pima upepo kwa geji ya tairi kabla hujanunua kipuri.

Ushauri unaotaja kipuri bila kutaja sababu una hatari: aliyechoka na matone ataiziba valvu. Hapo tangi linaweza kupasuka, na maji ya nyuzi 80 huunguza ngozi papo hapo.