Picha ya Kinyago na Kinyago Chenyewe: Makumbusho Yana Kazi Gani Wakati wa Telefone?



Siku moja tulikaa na wazee kando ya barabara ya Sake, hapa kwetu kartiye Lac Vert, mahali watu wanapochaji telefone. Kijana mmoja, mwanafunzi, akafungua picha ya kinyago cha Walega kinachokaa katika jumba moja la makumbusho huko Ulaya. Akampa mzee mmoja wa upande wa Shabunda aitazame. Mzee akaishika telefone kwa mikono miwili, akatazama muda mrefu, kisha akauliza: "Na ule mwenye alikuwa nayo, jina lake nani?" Kijana akatafuta chini ya picha. Kulikuwa na urefu wa kinyago, aina ya mti na namba. Jina la mtu hakuna. Mzee akarudisha telefone: "Basi, mwanangu, umenionyesha nguo. Mwenye nguo sijamuona."

Tunaanza na neno hilo kwa sababu mzee hakuuliza ovyo. Kwa Walega, katika chama cha bwami, kinyago kidogo hupita kutoka kwa mwanachama aliyekufa kwenda kwa yule anayeshika nafasi yake, na hukumbusha wale waliokishika zamani. Bila jina, kinabaki kipande cha mti.

Siku hizi wasomi wengi wa mji wetu wanasema kwamba makumbusho yamepitwa na wakati: kila kitu kiko katika intaneti, nani tena atajenga nyumba ya kuweka vikapu na mikuki? Wengine wanajibu kwa hasira kwamba ni intaneti yenyewe inayoua mila. Sisi tunaona pande zote mbili zinakwenda mbio. Tupime kwanza.

Upande wa picha una haki yake. Mtu wa Lac Vert hafiki kirahisi katika Musée National iliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2019 kwa msaada wa Korea ya Kusini. Ni mbali zaidi ya kilomita 1,500. Tervuren, kule Ubelgiji, ndiyo usiseme: kwanza visa. Tena picha ni shahidi. Kati ya mwaka 1976 na 1982, Tervuren ilirudisha vitu 114 kwa Institut des musées nationaux, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1970. Katika fujo za miaka ya 1990, vitu vingi viliibwa katika ghala za Kinshasa na vingine vikauzwa nje ya nchi. Kitu chenye picha na namba kinaweza kufuatwa hata sokoni Ulaya. Kisicho na picha kikipotea, kimekwenda.

Tuongeze mfano wa jirani. Mwaka 2021, Rwanda ilipokea kutoka Tervuren nakala za kidijitali za nyimbo zaidi ya 4,000 zilizorekodiwa kwao zamani. Hilo ni jambo la kusifu, kwa sababu wimbo si kama kinyago. Nakala ya wimbo ikiwa safi, mtoto anaweza kuusikia na kuuimba tena.

Lakini, ndugu msomaji, tuangalie tusilipwe kwa kivuli. Februari 2022, Waziri Mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi mwenzake wa Kongo orodha ya vitu karibu 84,000. Juni mwaka uleule, Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu. Kimoja. Tena kwa mkopo usio na mwisho, kana kwamba mwenye mali anaazimwa mali yake. Orodha ni kazi nzuri, tunaihitaji, lakini mtu hawezi kurithi orodha.

Wanaosema "picha inatosha" wakumbuke pia jinsi vitu vingine vilivyoondoka. Mwaka 1884, katika nchi ya Marungu karibu na ziwa Tanganyika, watu wa Mbelgiji Émile Storms walimuua chifu Lusinga. Sanamu yake ya ukoo na fuvu la kichwa chake vyote vikapelekwa Ubelgiji. Je, tutawaambia wajukuu wa Lusinga wajitosheleze na picha?

Sasa tuje hapa karibu, Kivu ya Kaskazini. Wanyanga wa Walikale wanayo karisi, masimulizi marefu ya shujaa, na anayejulikana zaidi ni Mwindo. Mwaka 1956, mzee Candi Rureke aliisimulia habari ya Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza, akiigiza, huku vijana wakimpigia mdundo na watu wakimwitikia. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Mnyanga, waliitoa katika kitabu huko Marekani mwaka 1969. Leo wanafunzi wa Marekani wanaisoma darasani. Lakini uliza watoto kumi wa Lac Vert Mwindo ni nani, utaona. Kitabu kimeokoa maneno, na tunakishukuru. Ila kinachokosekana hapa ni mahali ambapo mtu anasimama na kusema, na wengine wanamjibu. Hilo intaneti haijengi yenyewe.

Na jambo hili kwetu si la kusomea tu. Kuanzia 2022, watu wa Rutshuru na Masisi walifika hapa kwa maelfu. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, godoro na sufuria. Ngoma ya ukoo inabaki. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert, watu wakafa. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipoingia Goma, kambi zikavunjwa na watu wakatawanyika tena. Katika muda ule wote, wazee waliojua majina, mipaka, dawa na nyimbo walikaa hatua chache kutoka nyumba zetu, chini ya mashiti. Sisi wenye shule tulipita tukiwa na telefone mkononi. Wangapi tuliwauliza kitu? Hapo lawama tunaiweka kwetu wenyewe, si Tervuren.

Basi makumbusho gani yanafaa hapa? Chumba kimoja chatosha kuanza. Kikapu, mtungi, jiwe la kusagia, ngoma kama ipo. Kila kitu kiandikwe jina la mwenye, kijiji, kazi yake, na kinavyoitwa kwa lugha yake: Kihunde, Kinyanga, Kinande, Kinyarwanda, Kilega, Kishi. Telefone irekodi sauti ya mwenye akieleza, na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, maana tunajua volkano ilivyofanya Januari 2002 na Mei 2021. Hapo telefone na chumba vinasaidiana.

Lakini tuonye mambo mawili. Kwanza, si kila kitu ni cha kuonyeshwa. Vitu vya bwami vina watu wanaoruhusiwa kuviona. Kuvitupa vyote katika intaneti ni kuvua mtu nguo mbele ya wageni. Pili, chumba hicho kisigeuke mahakama ya kuamua nani alitangulia kufika hapa. Tumezika watu wengi kwa sababu ya ubishi huo. Kikapu cha huyu kikae karibu na kikapu cha yule, na mtoto aone mwenyewe namna vinavyofanana.

Kwa kumalizia, hatuombi serikali wala wafadhili waanze. Wiki hii, kila msomaji amkute koko mmoja, amuulize kitu kimoja cha nyumbani mwake: kinaitwaje, alikipata kwa nani, na yule alikipata kwa nani. Aandike, arekodi, na asisahau kuweka jina. Yule mzee wa Shabunda hatujui leo yuko wapi. Swali lake tunalo, na wengine wa umri wake bado wako kwetu.