Bela na bustani iliyopakwa kwa kidole

Mchoraji wa maua kwa kawaida huanza kwa kuchagua brashi. Bela Sara aliziweka kando, akapaka rangi za mafuta kwa ncha za vidole. Asili yake ni Chad. Alikuwa mtumishi wa Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyefungua karakana ya Le Hangar mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1946. Wachoraji Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walipitia hapo hapo. Bwana huyo aligawa rangi, ila hakutaka wanafunzi wake waige Wazungu.

Tukitazame kidole chenyewe. Hakibebi rangi nyingi. Mguso wa kwanza huacha nukta nene yenye ukingo ulioinuka. Wa nne umeshachujuka, rangi ya chini inachungulia. Kwa hiyo nyekundu moja tu yatosha kutoa ua la mbele na ua la nyuma kwenye kichaka kile kile. Lakini lazima usubiri: ukigusa nyekundu juu ya kijani ambacho hakijakauka, utapata tope.

Wapo wanaomlinganisha na Georges Seurat, aliyeonyesha picha yake kubwa ya nukta jijini Paris mwaka 1886. Sikubaliani nao. Nukta za Seurat ni ndogo, zimekusudiwa kuungana machoni mwa aliyesimama mbali. Ya Bela ina upana wa kidole. Hata ukiwa upande wa pili wa chumba, bado ni petali.

Kivuli je? Hakuna, na hapo ndipo wengi humtoa makosa. Sisi wa Kisangani, karibu kabisa na Ikweta, tunajua kwamba Machi na Septemba jua la saa sita hukaa utosini, na bogenvilia iliyo katika parseli ya mtaa wetu wa Makiso hukikalia kivuli chake. Claude Monet kule Giverny alikuwa na jua la kuinama hata wakati wa joto, ndiyo maana bustani zake zina vivuli vya buluu na zambarau. Bila kivuli, ua hutenganishwa na jani kwa mwanya mwembamba unaoachwa kati ya nukta, na kwa kuweka rangi ya moto kando ya rangi ya baridi.

Anayetaka kujaribu atenge kidole kimoja kwa kila rangi, na anawe kwa mafuta ya kula kabla ya sabuni. Nyeupe ya risasi aiache kabisa: vidole huishia mdomoni.