Wajomba Waliofutwa: Habari za Wakilindi kama Kielelezo cha Uandishi wa Nasaba

Mwanafunzi anayetumwa kijijini kuandika nasaba ya ukoo wake kwa Kiswahili hakosi vielelezo. Zipo tarihi za Kilwa na Pate, na ipo Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyoihariri J.W.T. Allen na kutolewa Nairobi mwaka 1962. Tatizo ni jinsi kitabu hiki kinavyosomwa. Darasani huchujwa hadi kubaki safu ya majina manne: Mbega, Buge, Kinyashi, Kimweri. Safu hiyo huchorwa kama mti, na mti huo huchukuliwa kuwa ndio nasaba yenyewe.

Matini yenyewe haiendi hivyo. Mbega anaondoka Nguu kwa sababu ni kigego, na ndugu zake wanamnyima urithi; kuzaliwa katika ukoo hakukumtosha. Buge naye anafika Vuga akiwa na nguvu ya wajomba zake wa Bumbuli. Bila mama yake na kaka za mama huyo, kiungo cha pili cha safu ile hakielezeki. Mchoro unawafuta watu ambao masimulizi yanawategemea.

Hasara hiyo inaonekana wazi zaidi mtafiti anapoupeleka mchoro huo Ngulyati, wilayani Bariadi, katika nchi ya Wasukuma. Katika mila za Kisukuma, ndoa ya kukwa, iliyolipiwa mahari ya ng'ombe, huwaweka watoto upande wa baba. Ndoa ya butende, isiyolipiwa, huwaacha upande wa mama hadi baba atakapowakomboa kwa malipo. Kitenzi *kuzaa* hakibebi tofauti hiyo. Sentensi "fulani alimzaa fulani" ni sahihi kisarufi, lakini haisemi mtoto ni wa nani, na hilo ndilo jambo ambalo msimuliaji alikuwa akilieleza. Katika daftari la mtafiti, habari za ng'ombe, yaani waliotoka zizi la nani na kama walifika, zinastahili kuandikwa kabla ya jina la mjukuu yeyote.

Utemi unatoa onyo kali zaidi. Kabla ya mabadiliko ya enzi ya ukoloni, mrithi wa ntemi alitoka kwa dada zake, si kwa wanawe wa kuwazaa. Orodha ya watemi, hadi utawala huo wa jadi ulipofutwa mwaka 1963, ikisomwa kwa mazoea ya "baba kisha mwana", huzalisha akina baba ambao hawakuwahi kuwapo.

Majina nayo yana mitego yake. *Ng'wana* kwa kawaida humtaja mzazi, lakini jina la Ng'wanamalundi, mganga mashuhuri, hufasiriwa na wengi kuwa linatokana na miguu yake mirefu. Isitoshe, makarani walioandika Mwana-, Ngwana- na Ng'wana- kwa mtu yule yule wamewapa watafiti ndugu watatu badala ya mmoja. (Mwanaisimu asiyesahihisha tahajia ya chanzo, bali akainakili ilivyo na kuweka matamshi pembeni, ameokoa kazi ya miaka.)

Kwa mahitaji haya, huenda mwalimu bora yuko ng'ambo ya ziwa. Riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, inaanza na ndoa isiyo na mtoto, yaani mahali ambapo mti wa ukoo ungenyamaza. Hata hivyo, ukwe, faini ya pombe na safari ya kumrejesha mke vinaeleza undugu kwa undani usiopatikana katika mchoro wowote.

Hayo hayaifanyi Habari za Wakilindi isitiri dosari. 'lAjjemy aliishi karibu na Semboja wa Mazinde, mshiriki katika vita vya urithi vilivyofuata kifo cha Kimweri, na ukaribu huo umo katika uteuzi wa nani anapewa maneno mengi na nani anatajwa kwa mstari mmoja. Toleo la kufundishia lingepaswa kuonyesha, sura kwa sura, ni habari zipi mwandishi alizishuhudia na zipi alisimuliwa.