Mahali pa Mwimbaji katika Muziki Mzito

Wimbo wa kwanza wa Loveless, albamu ambayo My Bloody Valentine waliitoa Novemba 1991 chini ya Creation Records, hufunguliwa kwa mapigo manne ya ngoma. Kisha magitaa huingia yote kwa mkupuo, na msikilizaji hujikuta amezingirwa kabla hajajua ameingia wapi. Bilinda Butcher anapoanza kuimba hasimami mbele. Husikika kwa chini, kama mtu anayezungumza chumba cha pili hali mlango umerudishwa. Maneno yake hayashikiki. Kwa sikio lililokuzwa na taarabu, ambamo ala hupisha pindi mwimbaji afunguapo kinywa na hadhira hungoja fumbo la ubeti ili ijue nani amelengwa, jambo hili lina mshtuko wake: mwimbaji yupo, lakini amenyang'anywa kiti. Nataka kukaa na kitendo hicho cha kumhamisha mwimbaji, kwa sababu naamini ndipo albamu nzuri za muziki mzito zinapoachana na zile zenye kelele tupu. Kelele hupandishwa na yeyote mwenye kidole cha kubonyeza kitufe. Uzito hutokana na uamuzi wa wapi iwekwe sauti ya binadamu, na nini kibebe maana baada ya maneno kuondolewa njiani.

Umbo la wimbo huo wa kwanza, "Only Shallow", ni la kimapokeo kuliko linavyosikika. Kuna beti na kuna kiitikio, na vinapokezana kwa nidhamu kamili. Ila beti ni za Butcher, laini na za chini, ilhali kiitikio ni cha gitaa peke yake: tuni moja inayopanda, inayopinda, inayolia, isiyo na hata neno moja. Mapatano tuliyoyazoea, kwamba beti husimulia na kiitikio hukaza kwa maneno yatakayokumbukwa, yamebakizwa muundo wake huku kazi ikipewa mwingine. Mwombe mpenzi wa albamu hii akutolee wimbo kwa mdomo. Hatakuimbia maneno, ataiga gitaa.

Gitaa hilo ni la Kevin Shields, na mbinu yake inaweza kuelezwa bila miujiza. Gitaa la aina anayoitumia lina wenzo kwenye daraja la nyuzi, na ukiusukuma nyuzi hulegea, ukiuvuta hukaza. Wapigaji wengi huugusa wenzo huo mwishoni mwa kifungu, kwa mapambo. Shields huushika muda wote huku mkono uleule ukichapa nyuzi, hivyo kila mchapo hutoka ukiwa tayari umeanza kuteleza kutoka kwenye nota yake na kuirudia. Juu ya hapo huweka mwangwi uliogeuzwa, unaovimba pale ambapo mwangwi wa kawaida ungefifia. Wengi hudhani wanasikia magitaa chungu nzima yaliyorundikwa, na Shields mwenyewe ameshasema kwamba tabaka ni chache kuliko watu wanavyofikiri. Kwa mhakiki hilo si jambo dogo, maana linaonyesha kwamba kinachosikika kama wingi ni uyumbaji wa kitu kimoja. Nota zisipotulia, upatanifu hukosa kingo, na ndani ya upatanifu usio na kingo sauti ya mwimbaji haiwezi kujitenga. Nayo imeandaliwa kwa hali hiyohiyo: imerekodiwa mara nyingi na kulazwa juu ya yenyewe, na Butcher ameeleza kwamba mara nyingi aliimba akiwa ametoka kuamshwa. Usingizi umebaki kwenye irabu. Konsonanti, ambazo ndizo hubeba maana ya maneno, zimelegea hadi zikakaribia kutoweka.

Kinachozuia yote haya yasiyeyuke ni ngoma. Colm Ó Cíosóig, mpiga ngoma, alikuwa mgonjwa kwa sehemu kubwa ya kazi ile, na midundo mingi iliundwa kwa sampuli za mapigo yake mwenyewe zilizopangwa kwa kujirudia. Tatizo la kiafya likazaa tofauti ya kiumbo: mdundo ulionyooka usiopumua, na juu yake gitaa linalopumua kupita kiasi. Katika "To Here Knows When" hata nguzo hiyo huondolewa karibu yote, na naiona kuwa kilele cha ujasiri wa albamu. Katika "Soon", wimbo wa kufungia, mdundo hurudi ukiwa wa kuchezeka kabisa, na mwimbaji bado yuko kulekule nyuma. (Hadithi za gharama na za studio nyingi zilizopitiwa kati ya 1989 na 1991 zimesimuliwa vya kutosha. Hazimsaidii mtu kusikia.)

Ukitoka hapo kwenda Jane Doe ya Converge, kundi la Massachusetts, unakutana na hila iliyo kinyume. Albamu hii ilitoka Septemba 2001 na ni miongoni mwa nguzo za metalikoo, mtindo uliozaliwa na ukali wa hadikoo na ufundi wa gitaa la metali. Jacob Bannon, mwimbaji, hajafichwa. Yuko mbele, karibu na kipaza sauti hadi unahisi mate, na bado hasikiki neno. Maneno yapo, yamechapwa kwenye kijitabu, na yanahusu kuvunjika kwa mapenzi. Kwa hiyo tuna matini mbili: moja ya karatasi, yenye sentensi na picha za kishairi, na nyingine ya koo, ambamo sentensi hizo zimesagwa. Raha ya kuisikiliza albamu hii imo katika mwanya kati ya matini hizo mbili. Tunajua kuna jambo linasemwa, tunajua limeandikwa kwa uangalifu, na tunamshuhudia msemaji akishindwa kulifikisha.

"Concubine", wimbo wa kwanza, una dakika moja na sekunde 19. Hauna utangulizi wa maana. Huanza ukiwa tayari katikati ya ghadhabu. Ben Koller, aliyekuwa akirekodi albamu yake ya kwanza na kundi hili, hubadili mpangilio wa ngoma kabla sikio halijaukalia ule uliotangulia, kisha mwendo huanguka ghafla na kuwa mzito, na wimbo unakwisha pale ambapo mtunzi mwingine angeona ndipo pa kuanzia. Kurt Ballou, mpiga gitaa, alikuwa pia mmoja wa mafundi wa kurekodi, na nadhani ndiyo sababu gitaa na koo vimeachwa vigombanie masafa yaleyale. Fundi kutoka nje akiwa peke yake angevitenganisha kwa adabu.

Lakini kipande kinachonivuta zaidi kimo karibu na mwisho. "Phoenix in Flight" ni polepole, ina vumbi na mvumo, na sauti imezama ndani yake karibu kama ya Butcher. Mara moja baada yake inakuja "Phoenix in Flames", sekunde 42 tu, na magitaa yametolewa yote. Ni ngoma na koo. Hapa ndipo hoja ya albamu inapofichuka: tulikuwa tukijidanganya kwamba maneno yamefunikwa na magitaa, na sasa magitaa yameondoka, uwanja ni mweupe, na maneno bado hayapo. Kutoeleweka hakukuwa kazi ya mazingira. Kulikuwa ndani ya msemaji tangu mwanzo. Sijui kipande kingine kifupi namna hiyo kinachobadilisha maana ya nusu saa iliyokitangulia.

Baada ya "Thaw" huja wimbo unaobeba jina la albamu, nao huchukua dakika 11 na nusu, yaani robo nzima ya albamu ya dakika zipatazo 45. Mwendo umepungua, kifungu kimoja cha gitaa kinarudiwa na kurudiwa, na sauti safi ya kuimba inajitokeza kwa nyuma mahali ambapo hatukuwa tukiitarajia tena. Uwiano huu, wa sekunde 42 kwa dakika 11, ndio utunzi wenyewe. Baada ya nyimbo zilizokuwa zikikatwa kabla hazijamaliza kusema, muda tu wa kuruhusiwa kukaa ndani ya kifungu kimoja hugeuka kuwa huzuni. Albamu ina mapengo yake: "Bitter and Then Some", kwa mfano, hupita bila kuacha kitu ambacho jirani zake hawajakiacha vizuri zaidi.

Metalikoo iliyofuata haikushika njia hiyo. Ilipendelea mgawanyo wa kazi ulioenezwa, pamoja na nyingine, na Alive or Just Breathing ya Killswitch Engage ya mwaka 2002: beti kwa ukelele, kiitikio kwa uimbaji safi. Wao waliumudu. Waigaji wao wengi waliugeuza desturi, na udhaifu wa desturi hiyo ni kwamba kiitikio humrudishia mwimbaji kiti chake kila baada ya dakika, hivyo ukelele hubaki kuwa muda wa kungoja. Msikilizaji huuvumilia kwa kuwa anajua atalipwa.

Sunbather ya Deafheaven, wa San Francisco, ilitoka Juni 2013 chini ya Deathwish, kampuni ambayo Bannon ni mmoja wa waanzilishi wake, na jalada lake la waridi haliwezi kutazamwa bila kuikumbuka Loveless. Wahakiki wengi waliishia hapo: metali nyeusi ikachanganywa na shugezi, mtindo wa akina My Bloody Valentine, kazi imekwisha. Nadhani kilicho muhimu ni jambo moja ambalo mchanganyiko huo uliliwezesha. George Clarke hutumia karibu sauti moja tu albamu nzima, mlio mkali wa juu uliosukumwa nyuma ya magitaa, na habadiliki hali ya muziki inapobadilika. Kerry McCoy, mpiga gitaa, ndiye anayebadilika. Katika "Dream House", wimbo wa dakika tisa, magitaa yanaanza kwa vifungu vinavyong'aa, Daniel Tracy anachapa ngoma kwa kasi ambayo kwa kawaida huandamana na giza, kisha katikati kila kitu kinanyamaza isipokuwa gitaa safi, na kutoka utulivu huo unajengwa mpando wa mwisho wenye furaha isiyo na haya. Mlio wa Clarke ni uleule. Ulipokuwa juu ya vurugu tuliusikia kama maumivu; juu ya upatanifu huu tunausikia kama shangwe, au kama hamu ya mtu anayeitazama shangwe ya wengine kutoka barabarani. Hisia imehamishwa kutoka kwa mwimbaji hadi kwa upatanifu, na mwimbaji amebaki kipimo kisichosogea ambacho kwacho tunapima mabadiliko ya kila kitu kingine.

Kwa sababu hiyo nasumbuliwa na vipande vifupi vinavyounganisha nyimbo nne ndefu. "Irresistible", gitaa na piano bila maneno, kinafaa. Katika "Please Remember", Neige wa kundi la Alcest anasoma kifungu cha Milan Kundera, na bado naweza kukubali, kwa kuwa msomaji mwenyewe anazama kwenye kelele. "Windows" ndiyo inayoharibu: mahubiri ya mtaani na mazungumzo ya kununua dawa za kulevya, vimerekodiwa vilivyo na kuachwa visikike. Albamu iliyokwisha kutufundisha kuishi bila maneno inatupa maneno, tena ya kueleza. "The Pecan Tree" inayofuata inalazimika kutumia dakika kadhaa za ukali mtupu kufuta kilichosemwa, na dakika zake za mwisho zinafaulu.

Swali hili halikubaki Marekani na Ulaya. Mwaka 2020 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Duma, wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja kwenye sauti na Sam Karugu kwenye gitaa na utayarishaji. Humo mpiga ngoma hayupo. Kuna midundo ya mashine, yenye kasi ambayo mkono haufiki, na kelele za kielektroniki zinazoziba mahali ambapo gitaa lingepumzika. Koller alimpa Bannon mwenza wa kuchoka naye. Khanja hana mwenza huyo. Mashine haichoki, na koo lake linalazimika kuchagua kati ya kushindana nayo na kujigeuza sehemu yake. Katika nyakati bora za albamu hufanya la pili, akikata ukelele vipandevipande hadi unakuwa pigo miongoni mwa mapigo. Pale anaposhindana, huonekana mdogo. Ningependa albamu hiyo ingekuwa na sekunde 42 zake, mashine ikizimwa mara moja tu, ili tusikie koo hilo linafanya nini likiachwa peke yake.